Mama Yangu Si Mtangazaji wa Habari

Jumapili, masika. Mvua imekatika saa nane mchana, ukungu bado umeukalia mlima, na nguo nilizofua juzi hazijakauka.

Nina hasira. Naandika hivyo mapema nisije nikajifanya mpole huko mbele.

Nimefungua duka siku ya Jumapili, jambo ambalo huwa sifanyi. Nimekaa nyuma ya mashine ya kutolea kopi, mlango nimeurudishia nusu, kwa sababu nyumbani wanangu wataniuliza nina nini na sitaki kuulizwa.

Kwa asiyenijua, nina steshenari hapa Mafiga. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za paspoti. Mama yangu anaishi Bigwa, pale mlima unapoanzia, analima kabichi na karoti. Ana miaka sitini na tisa. Dada yangu Konsolata, sisi tunamwita Konso, yuko Norwe mwaka wa kumi na moja sasa. Alikwenda kusoma, akaolewa hukohuko, akapata mtoto mmoja wa kike anayeitwa Solveig. Mtoto ana miaka saba.

Hajui Kiswahili. Hajui hata salamu.

Sisi ni Waluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi nina wavulana wawili. Ni wa ukoo wetu, sawa, lakini watoto watakaowazaa watakuwa wa ukoo wa wake zao. Anayeubeba ukoo wetu kwenda mbele ni huyu Solveig peke yake. Shamba la Bigwa mama alilipata kwa mama yake, naye alilipata kwa mama yake. Sasa mwenye zamu anayefuata baada ya Konso anaishi kwenye kijiji chenye maji ya bahari yaliyoingia katikati ya milima, na akimwona bibi yake kwenye simu anasema "hei" halafu anakimbia.

Mwezi wa kwanza Konso alipiga simu akasema wanakuja mwezi wa saba, wiki tatu nzima. Mara ya mwisho mtoto kuja alikuwa hajaanza kutembea. Mama alifurahi mpaka akakaa chini. Jioni ile akaniuliza, "Editha, mtoto akifika hapa nitaongea naye nini?"

"Konso atatafsiri, mama."

"Simtaki Konso katikati. Nataka niongee na mjukuu wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Wewe una mashine, una intaneti. Nitafutie hicho Kinorwe."

Nikasema sawa. Nilisema kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Sikujua kwamba kutafuta kozi ni kazi kuliko kuisoma. Nilianza na programu ya bure ya kwenye simu. Inafundisha Kinorwe kwa kupitia Kiingereza, hakuna Kiswahili kabisa, kwa hiyo kila sentensi niliitoa kwenye Kinorwe, nikaipeleka kwenye Kiingereza changu cha kidato cha nne, ndipo nikaileta kwa mama. Wiki mbili nzima tulikuwa tunasema mwanaume anakula tufaha. Mama akaniuliza huyo mwanaume ni nani na kwa nini hashibi.

Nikahamia kwenye video. Msichana mmoja anatabasamu mwanzo mpaka mwisho na kuongea haraka kama anafukuzwa. Mama alimtazama dakika tano, akasema binti ni mzuri, akarudi kupalilia.

Nikatafuta kozi za kulipia. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, polepole. Ziko za wauguzi wanaotaka ajira. Ziko za wanafunzi wanaoomba udhamini. Ziko za wanawake wanaofuata waume zao, wanafundishwa kujibu maswali ya ubalozi. Sura ya kwanza ya kozi moja niliyoijaribu ilikuwa: nina uzoefu wa miaka mitatu wa kuhudumia wazee. Mama yangu ndiye mzee mwenyewe. Katika zote nilizofungua sikuona hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya bibi wa Bigwa anayetaka kumwambia mjukuu wake karibu nyumbani.

Mwishowe nikaingia kwenye kozi ya kijana mmoja wa Dar anayefundisha kwa kundi la WhatsApp. Wiki nane, kwa Kiswahili, na cheti. Nilivutwa na hilo neno, kwa Kiswahili. Akatutumia kitabu chake, nikakiprinti hapahapa dukani, nikakifunga vizuri kwa jalada gumu la bluu. Nilikionea fahari kabla sijakisoma.

Ukurasa wa tisa: "Jeg er varm. Mimi ni moto."

Maana yake ni nasikia joto. Mtu yeyote aliyekaa na lugha zote mbili kwa siku moja angejua. Kijana aliweka kitabu cha Kiingereza kwenye kompyuta, kompyuta ikamtafsiria, yeye akaweka picha yake mbele. Nilijua hivyo ukurasa wa tisa na bado nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia majirani wawili kwamba nasoma Kinorwe.

Hilo nalo naliandika. Nilikuwa najisikia.

Wiki ya tatu nilisoma mahali fulani kwamba Wanorwe wana namna mbili za kuandika lugha yao, na kwamba watu wa mikoa mbalimbali wanasema tofauti. Nikamwuliza mwalimu kwenye kundi: mwalimu, mdogo wangu yuko upande wa magharibi, tusome kipi? Niliandika mdogo wangu badala ya mtoto wa dada yangu, sijui kwa nini, labda niliona aibu kusema nahangaika hivi kwa ajili ya mtoto. Akajibu: "Kinorwe ni kimoja tu dada, usijichanganye." Watu kumi na wawili wakaweka dole gumba.

Nikamfundisha mama alichonifundisha yeye.

Tulichagua sentensi mbili tu. Nilimwambia mama zinatosha kwa kuanzia. Jeg er bestemoren din, yaani mimi ni bibi yako. Jeg er glad i deg, yaani nakupenda. Hiyo "jeg" inatamkwa kama yai. Mama alipoisikia mara ya kwanza aliweka jembe chini.

"Niseme mimi ni yai?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akacheka, akakubali kuwa yai. Kwa wiki nne aliisema sentensi ile akipalilia, akichota maji, akienda jumuiya. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alikuwa ananipigia simu asubuhi na mapema, kabla ya salamu anasema "yai er bestemoren din", halafu anasubiri nimsahihishe ndipo niseme shikamoo. Sikuwahi kumwona anang'ang'ania kitu namna ile tangu baba afariki.

Na tangu mwanzo nilikuwa nalipiga picha daftari letu la Kinorwe na kumtumia Konso. Kila wiki. Alikuwa anaweka moyo mwekundu.

Sasa leo.

Baada ya misa nilikwenda na mama kwake Bigwa. Kwake mtandao unashika sehemu moja tu, karibu na banda la kuku, kwa hiyo tukapeleka viti pale. Mama hakubadilisha kitenge cha kanisani. Konso akapiga kwa video, Solveig yuko pembeni yake mezani, nywele amesukwa mikia miwili. Nikamwambia Konso, "Mama ana neno kwa mjukuu wake. Mwambie asikimbie."

Mtoto akatulia. Mama akasogeza uso kwenye simu na akasema zote mbili, taratibu, bila kukosea hata silabi moja. Nilitaka kulia kwa jinsi alivyosema vizuri.

Solveig alimtazama. Akageuka kwa mama yake, akasema maneno mengi ya haraka. Halafu akacheka. Na Konso naye akacheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema bibi anaongea kama wale wa taarifa ya habari kwenye TV," Konso akasema, bado anacheka. "Huku kwetu hatusemi jeg, Edi. Tunasema eg. Halafu anauliza mbona anasema ni bestemor, bestemor ni mama yake Eivind. Mama wa mama anaitwa mormor."

Eivind ni shemeji yetu.

Mama hakuelewa kilichochekesha. Lakini aliona watu wanacheka, naye akacheka. Aliweka kiganja mdomoni, akacheka kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya wageni.

Hicho kicheko ndicho kilichonileta dukani leo.

Mama alisema ana maharage jikoni, akaondoka. Mtoto naye akaondoka kwenda kucheza. Nikaichukua simu nikasimama nayo palepale nyuma ya banda, kuku wananizunguka miguuni.

"Konso, miezi mitatu nakutumia picha za daftari. Umeona nimeandika jeg. Umeona nimeandika bestemor. Kwa nini hukusema?"

"Si makosa, Edi. Ni Kinorwe sahihi kabisa. Ameelewa kila neno."

"Ameelewa na amecheka."

"Ana miaka saba."

"Wewe una arobaini."

Akasema, "Nilidhani unajifunza kwa ajili yako. Sikuangalia vizuri. Nilikuwa nafurahi tu kuona mwandiko wako."

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Sikuishia. Nikamwambia alichokosa si daftari. Nikamwambia mwanamke mwenye karibu miaka sabini anatembea shambani akijiita yai kwa sababu binti yake mwenyewe alishindwa kumfundisha mtoto kusema shikamoo. Nikamwambia lugha haina mzigo, haikuhitaji begi, angeweza kwenda nayo. Nikamwambia amezaa mtoto wa ukoo wetu halafu amempa watu wengine. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ya chini, na nilijua linavyokata.

Konso hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Unakumbuka nilikuomba nini Solveig akiwa na miezi minane?"

Nilikumbuka.

"Nilikuomba umrekodi mama," akasema. "Akiongea tu. Akiita kuku, akisali, akiimba zile za kutulaza. Nilikuomba mara tatu. Nyumba hii nzima, Kiswahili kilikuwa kinatoka kwenye mdomo wangu peke yangu, na mimi natoka kazini nimechoka. Mtoto ananijibu kwa lugha ya baba yake. Naongea, hanijibu. Naongea, hanijibu. Siku moja nikaona najisemesha mwenyewe jikoni. Nikaacha."

"Hukuja kumzika baba," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Yaani najua. Lilikuwepo muda wote, linangoja.

Baba alifariki Solveig akiwa na miezi sita. Konso hakuja kwa sababu kibali chake cha kuishi kilikuwa kinahuishwa, na angetoka wakati ule asingeruhusiwa kurudi, na mtoto alikuwa ananyonya. Alinieleza. Nilielewa siku ileile aliyonieleza. Halafu miezi miwili baadaye aliponiomba nimrekodi mama nikasema nitafanya, na sikufanya. Akaomba tena, nikasema simu imejaa. Akaomba mara ya tatu, sikujibu. Nilikuwa nasema moyoni, ungetaka kumsikia mama ungekuja.

Miezi michache baadaye alikuja na mtoto mgongoni, wiki mbili, akalia kaburini, akaondoka. Wala hakunikumbusha kuhusu zile rekodi. Na mimi sikujikumbusha.

Kwa hiyo alipouliza leo, nikamtupia hilo la mazishi. Akasema, "Mtoto ananiita," simu ikakata. Sidhani mtoto alimwita.

Naandika haya na bado nina hasira naye. Nilidhani nikishaandika sehemu yangu hasira itapungua. Haijapungua, imegawanyika tu. Kipande ni cha Konso kwa kuweka mioyo kwenye daftari ambalo halisomi. Kipande ni cha yule kijana wa Dar na Kinorwe chake kimoja tu. Kilichobaki, na si kidogo, ni changu.

Dakika kumi baada ya simu kukatika ukaingia ujumbe wa Konso. Mistari miwili. "Eg er mormor di. Eg er glad i deg. Mwambie mama aseme hivi. Nisamehe."

Sikumjibu. Lakini nilikwenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, maharage yanachemka.

"Kumbe tulikosea," nikamwambia.

"Niliona," akasema. "Tulikosea wapi?"

Nikamweleza. Kwamba kule wanakoishi hawasemi yai, wanasema eg. Nikamwambia na hiyo eg ndivyo Mwingereza anavyoliita yai, na mama akasema basi kuwa yai ndiyo bahati yake. Kisha nikamweleza mormor.

"Mor ni nini?"

"Mama."

"Kwa hiyo mormor ni mama wa mama."

"Ndiyo. Wa upande wa baba ana jina jingine kabisa. Farmor. Ila huyo wa shemeji, Solveig amezoea kumwita bestemor tu, ndiyo maana alishangaa."

Mama aliacha mchicha. Akalirudia lile neno polepole, mor, mor, kama anahesabu hatua. Kiswahili kinatuita wote bibi, wa kuukeni na wa kuumeni, na huwa tunalazimika kuongeza maelezo. Mama akasema, "Wazungu hao kumbe wanajua tofauti," kwa sauti ambayo sijamsikia akiitumia kwa Wazungu hapo kabla. Akataka nimsomee zile sentensi mbili za Konso. Akazisema zote mbili. Nikamsahihisha mara moja. Kabla mchicha haujaisha alikuwa ameshazishika.

Zile za kwanza, wiki nne. Hizi za pili, mafungu mawili ya mchicha. Hilo nalo lilinikasirisha.

"Nimekupotezea muda, mama," nikasema. "Miezi mitatu."

"Hujanipotezea. Hiyo ya kwanza nitawaambia wa kwenye TV."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilimwambia niliyomwambia Konso. Si yote. Sehemu ya ukoo sikuisema, lakini ya mazishi niliisema, na ya rekodi pia. Mama alikuwa hajui kwamba Konso aliwahi kuomba sauti yake. Aliniangalia. Sikuona ukali usoni mwake. Angenigombeza ningeona nafuu.

"Aliomba lini?"

"Mwaka ule baba alipoondoka."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akarudi kwenye mchicha. Akasema, "Mngenigombania nikiwa nimekufa ningeelewa. Mimi niko hapa nachambua mboga."

Alipokuwa ananisindikiza barabarani kutafuta bodaboda ndipo akanipa ujumbe wa kumpa Konso, na alinirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha nimeushika: "Mwambie siku ya kwanza wakifika nitaongea cha kwao. Siku ya pili nakwenda na mtoto shambani, sisi wawili tu. Na shambani kwangu hakuna Kinorwe."

Nimefika dukani, nimejitoa kwenye kundi la yule kijana. Kabla ya kutoka nilimwandikia kwamba Kinorwe si kimoja, na kwamba "jeg er varm" si "mimi ni moto", na kwamba kuna bibi wa miaka sitini na tisa amechekwa leo kwa sababu yake. Amejibu kwa mikono miwili iliyokutanishwa na tangazo la kozi ya ngazi ya pili. Kitabu chake nimekivua jalada. Karatasi zake ni safi upande wa nyuma, nitazitumia kujaribia printa.

Daftari letu sijalichana. Mwandiko ni wangu, lakini kuna kurasa ambazo mama aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwakubwa za darasa la nne, BESTEMOREN, akakosea akafuta akaandika tena. Siwezi.

Nimejipangia. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Bigwa, simu imejaa chaji. Duka litafunguliwa nitakaporudi, wenye kopi za haraka watavumilia. Nitakaa jikoni kwa mama na kumwacha afanye anachofanya kila siku, aite kuku, asali, anigombeze kama akitaka, na nitarekodi mpaka nafasi iishe. Karibu miaka saba nimechelewa. Solveig hahitaji tena nyimbo za kulazwa, ameshakua, lakini ana masikio.

Kilichonikalisha hapa mpaka sasa ni kitu kingine. Rekodi nitaituma, hilo nina uhakika nalo. Nitaituma kwa Konso. Na chini yake itabidi niandike kitu, kwa sababu ukimtumia dada yako sauti ya mama bila neno lolote, hiyo nayo ni ngumi.

Nimejaribu mara nne. Kila ninachoandika kina mwiba ndani yake. Hata nilipoandika "pokea", niliona mwiba.

Je, najua Kiswahili cha kumwomba radhi Konso? Mwaka wote huu nimetafuta kozi ya lugha ya watu wengine, na hiki sikuwahi kukifanyia mazoezi hata siku moja.